Sahani Zetu na Siku Zetu



Juma hili tumeona vyema tuyaweke kando kidogo masomo ya Dominika, tuzungumze juu ya jambo tulilolibeba moyoni tangu mazishi ya Alhamisi iliyopita. Wengi wenu mlikuwapo. Mlisikia wasifu wa marehemu ukisomwa: alizaliwa, akabatizwa, akafunga ndoa, akajaliwa watoto wanne; usiku wa Jumanne akaanguka ghafla, na kabla ya mapambazuko akaaga dunia. Alikuwa na miaka 52.

Tuliporudi kutoka makaburini tulifungua kitabu cha marehemu cha parokia yetu, tukasoma kurasa za nyuma polepole. Hatutaandika hesabu hapa, maana nyuma ya kila mstari kuna familia ambayo bado inalia. Itoshe kusema kwamba ziko kurasa ambazo wazee wa miaka 80 ni wachache kuliko watu wa miaka 50 na kitu, na kwamba maneno yanayojirudia midomoni mwa wafiwa ni yale yale: presha, sukari, kiharusi, moyo, figo.

Nyumbani kwa marehemu, tukisubiri jeneza, tulisikia kauli mbili. Ya kwanza ilisemwa kwa sauti ya kawaida: "Kila mtu na siku yake." Ya pili ilisemwa kwa kunong'ona: "Hapa kuna mkono wa mtu." Kauli hizi mbili ndizo zinazotusukuma kuandika, kwa sababu tunaamini kwamba zote mbili, kila moja kwa namna yake, zinatufumba macho tusiione sahani iliyoko mbele yetu.

Tuanze na ile ya kwanza. Ni kweli, uhai ni wa Mungu, na hakuna ajuaye siku wala saa yake. Lakini mtu anayesema hivyo, akitaka kuvuka Barabara ya Kilwa pale Mbagala, au Barabara ya Bagamoyo pale Tegeta, hutazama kulia na kushoto. Hamjaribu Mungu kwa kujitupa mbele ya lori kisha akasema kwamba kila mtu na siku yake. Kwa nini basi tuwe waangalifu barabarani na wazembe mezani? Mwili tuliopewa ni amana, na mwenye amana huulizwa ameitunzaje.

Kauli ya pili ni mbaya zaidi. Kila kifo cha ghafla kinapotafutiwa mchawi, bibi fulani jirani huanza kutazamwa kwa jicho baya, ndugu huacha kusalimiana, na watoto hurithi uadui wasioujua chanzo chake. Na wakati huohuo yule mjane, ambaye naye ana presha isiyopimwa, anaendelea kuongeza chumvi mezani. Aliyekuwa adui hakutambuliwa, na asiyekuwa adui amehukumiwa.

Ndugu wapendwa, hebu tutazame yale ambayo wataalamu wameyaona hapa hapa kwetu. Kuanzia Juni 2003 hadi Juni 2006, watafiti walihesabu wagonjwa wapya wa kiharusi katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, na katika baadhi ya mitaa ya jiji letu la Dar es Salaam. Matokeo yalipotangazwa mwaka 2010, baada ya kusawazisha tofauti za umri, Hai ilikuwa na wagonjwa wapya wapatao 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Dar es Salaam ilikuwa na wapatao 316. Karibu mara tatu! Watu wa nchi moja, wengi wao wa koo zilezile, maana nani kati yetu hana shangazi kijijini? Hatusemi kwamba tofauti hiyo yote imetokana na chakula. Mjini kuna msongo, kuna kukaa kwenye foleni saa nyingi, kuna presha ambayo haijapimwa wala kutibiwa. Lakini chakula kimo, tena kimo kila siku.

Mwaka 2012 nchi yetu ilifanya uchunguzi wa kitaifa wa watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Ilionekana kwamba takriban mtu mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo kubwa la damu, mmoja kati ya wanne alikuwa na uzito uliozidi, na wapatao 9 katika kila 100 walikuwa na kisukari. Na kulikuwa na tarakimu moja ambayo sisi tuliisoma mara mbili tukidhani tumekosea: asilimia 97 ya watu hawakuwa wakifikisha vipimo vitano vya matunda na mboga kwa siku, kiasi kinachopendekezwa kwa afya njema. Asilimia 97, katika nchi ambayo embe huanguka na kuoza chini ya mti!

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha tafakari yetu. Tumezoea kuulizana kuhusu vyakula kimoja kimoja. "Padre, eti mayai yanaua?" "Padre, eti tangawizi na kitunguu saumu vinaondoa presha?" Kila juma kuna adui mpya na mkombozi mpya. Wataalamu wa lishe wa siku hizi wanatuelekeza kwingine. Wanasema tusihukumu kwa chakula kimoja, bali tuangalie mlo mzima, jinsi ulivyo kwa wiki, kwa miezi, kwa miaka. Huo ndio wanaouita ubora wa mlo. Chipsi za siku moja hazimwui mtu, na bakuli moja la mchicha halimwokoi mtu. Wahenga walishatuonya kwamba chovya chovya humaliza buyu la asali. Ndivyo afya inavyokwisha, na hakuna anayeweza kuonyesha siku ambayo buyu lilianza kupungua.

Kuna utafiti mkubwa uliofanyika Marekani kwa wauguzi na wahudumu wengine wa afya karibu 74,000, ukatangazwa mwaka 2017. Watafiti walitazama jinsi mlo wa kila mmoja ulivyobadilika katika kipindi cha miaka 12, kisha wakawafuatilia kwa miaka mingine 12 waone nani amefariki na nani yu hai. Wale ambao mlo wao ulikuwa umepata nafuu ya kadiri, wala si ya kutisha, walikuwa na hatari ya kufa iliyo pungufu kwa asilimia 8 hadi 17 kuliko wale ambao mlo wao haukubadilika. Jambo la kutia moyo ni kwamba watu hao hawakuanza wakiwa watoto. Walianza wakiwa watu wazima, na bado walivuna.

Mtatuambia: hao ni Wamarekani, wana hospitali zao na mishahara yao. Ni hoja ya haki. Basi tazameni utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2023 chini ya uongozi wa Andrew Mente wa chuo kikuu cha McMaster, Kanada. Huu ulifuatilia watu zaidi ya 147,000 katika nchi 21, tajiri na maskini, na Tanzania ikiwa mojawapo, kwa zaidi ya miaka tisa. Watafiti walitoa alama kwa vitu sita tu: matunda, mboga, mikunde, karanga na jamii yake, samaki, na maziwa. Waliopata alama tano au sita walikuwa na hatari ya kufa iliyo pungufu kwa takriban asilimia 30 kuliko waliopata alama moja au kukosa kabisa. Zaidi ya hapo, manufaa hayo yalionekana kuwa na nguvu zaidi katika nchi zenye kipato cha chini.

Tunajua kwamba katika tafiti za namna hii watu hufuatiliwa tu, hawagawiwi chakula, na kwamba anayekula vizuri mara nyingi pia havuti sigara na hutembea zaidi. Watafiti hujitahidi kuyatenga mambo hayo katika hesabu zao, ingawa hawawezi kuyamaliza yote. Hata hivyo, someni tena orodha ile ya vitu sita. Haina vitu vya kuagizwa kwa ndege. Ni maharage, kunde, choroko na mbaazi. Ni karanga na korosho. Ni dagaa na vibua. Ni mchicha, matembele na kisamvu. Ni papai, chungwa na embe. Ni kikombe cha maziwa au mtindi. Ndugu zetu, hiyo ni orodha ya soko la Tandika! Ni orodha ya Tandale! Vyakula ambavyo dunia inavitafuta kama dawa ya kuongeza siku, sisi tunavipita vikiwa vimepangwa mafungu kwenye magunia, tukikimbilia kikaango cha mafuta ng'ambo ya barabara.

Utafiti mwingine wa dunia nzima, uliotolewa mwaka 2019, ulikadiria kwamba mwaka 2017 vifo vipatavyo milioni 11 vya watu wazima vilihusishwa na ulaji usiofaa, yaani zaidi ya kifo kimoja katika kila vitano. Mambo matatu yaliongoza: chumvi nyingi, uchache wa nafaka zisizokobolewa, na uchache wa matunda. Angalieni vizuri: katika mambo hayo matatu, moja tu ndilo la kuzidisha, mawili ni ya kukosa. Sisi wahubiri tumezoea kukemea ulafi, na si vibaya. Lakini huenda tunawakemea watu kwa walichokula, wakati wanachougua zaidi ni kile ambacho hawakula.

Tuongeze neno kwa wale wanaouza vidonge na unga wa virutubisho mlangoni mwa kanisa baada ya Misa, wakiahidi kwamba kopo moja linatosha badala ya shamba zima. Jiji letu lina historia yake katika jambo hili. Mwaka 1995 ulianza utafiti hapa Dar es Salaam kwa wajawazito 1,078 wenye virusi vya UKIMWI. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2004 yalionyesha kwamba vitamini zilichelewesha ugonjwa kusonga mbele. Ilikuwa habari njema katika miaka ambayo dawa za kufubaza virusi zilikuwa hazijaenea. Baadaye wagonjwa zaidi ya 3,400, ambao sasa walikuwa wakianza kutumia dawa hizo, walilinganishwa: wengine walipewa vitamini kwa kipimo cha kawaida, wengine kwa kipimo kikubwa. Kipimo kikubwa hakikuleta faida ya ziada, na mwezi Machi 2009 utafiti ulisimamishwa kwa sababu vipimo vya ini vya waliopewa kipimo hicho vilianza kutia wasiwasi. Fundisho lake ni jepesi: mwili unahitaji vya kutosha, hauhitaji vya kufurika. Na kwa mtu mwenye afya, mlango wa kwanza wa kupata vya kutosha ni sahani.

Sasa tujiulize, tumefikaje hapa? Sisi wakazi wa pembezoni mwa jiji, wa Chamazi na Charambe, wa Boko na Bunju, wengi wetu tumetoka mahali pengine. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2010 uliwafuata vijana na watu wazima waliohama kutoka vijiji vya Morogoro kuja Dar es Salaam. Ndani ya miezi 12 tu, wanaume kwa wanawake, walikuwa wameongezeka wastani wa zaidi ya kilo mbili. Wanaume waliokuwa wakifanya kazi za nguvu walishuka kutoka karibu wanane katika kila kumi hadi takriban mmoja katika kila wanne. Jembe lilibaki kijijini, na njaa ya mtu wa jembe ikaja naye mjini.

Kisha lugha yetu ikatusaidia kupotea. Mtu akinenepa tunasema, "Mji umemkubali." Akipungua tunanong'onezana. Tusisahau kwamba kunong'onezana huko kuna kidonda chake: tulipitia miaka ambayo kukonda kulimaanisha jambo moja tu, na familia nyingi hapa zilizika vijana waliokonda. Haishangazi kwamba tuliokoka tukiwa tunaupenda unene. Lakini hofu ya jana haipaswi kutuchagulia chakula cha leo.

Na liangalieni neno hili "mboga". Kwetu nyama ni mboga, samaki ni mboga, maharage ni mboga; chochote kinacholiwa na ugali ni mboga. Ila mboga za majani zenyewe zimesukumwa pembeni ya sahani, kijiko kimoja cha mchicha kama pambo, huku mlima wa wali ukikaa katikati kama bwana harusi. Mgeni akija tukampa dona na kisamvu tunaona tumemwaibisha. Akipewa soda na kuku wa kukaanga tunaona tumemheshimu. Mwacha asili ni mtumwa, na sisi tumekuwa watumwa wa kikaango.

Mwezi Aprili 2025 ulitangazwa utafiti uliofanywa Kilimanjaro na Godfrey Temba na wenzake wa Moshi na Uholanzi. Wanaume 77 wenye afya walishiriki. Waliozoea vyakula vya asili vya kijijini walilishwa kwa wiki mbili vyakula vilivyosindikwa vya mtindo wa kimagharibi. Waliozoea vya mjini wakalishwa vya kijijini. Wiki mbili tu! Damu ya wale wa kwanza ilianza kuonyesha dalili za mwili unaopigana vita ndani kwa ndani, na kinga yao ikalegea mbele ya vijidudu. Damu ya wale wa pili ilielekea upande wa utulivu, na baadhi ya mabadiliko hayo yalionekana hata wiki nne baadaye. Kundi la tatu lilikunywa mbege kwa wiki moja, nalo likaonyesha nafuu ya namna hiyo. Wachagga wa parokia yetu wasishangilie mapema: utafiti huo ulipima damu, haukupima vifo, wala haukumpa mtu ruhusa ya kushinda kilabuni. Lakini unatukumbusha habari ya Danieli na wenzake watatu, vijana ugenini waliokataa meza ya mfalme na kuomba wajaribiwe kwa siku kumi kwa mboga na maji. Sisi tuliokuwa tukiisoma habari ile kama jambo la utii tu, sasa tunaona kwamba msimamizi aliyekubali kufanya jaribio lile hakuwa mjinga.

Tunasikia pingamizi lenu, na ni zito. "Padre, unazungumza habari za matunda na sisi hatujui tutakula nini jioni." Hatulipuuzi. Yuko kati yetu baba anayetoka nyumbani saa kumi alfajiri ili awahi daladala, na kurudi saa tatu usiku. Chakula chake cha asubuhi ni chai ya sukari nyingi na maandazi mawili. Cha mchana ni anachokimudu. Cha usiku ni chipsi mayai kwa sababu jiko la nyumbani limeshazimwa. Kumwambia mtu huyo kwamba anajiua kwa uzembe ni ukatili, na kanisa halina haki ya kusema hivyo. Mkaa ni ghali, na maharage hula mkaa. Bei ya matunda hupanda msimu ukipita. Wako pia wenye jukumu kubwa kuliko yeye: wanaopanga masoko na bei, wanaoamua kiasi cha chumvi kinachotiwa katika vyakula vya viwandani, wanaoruhusu matangazo ya vinywaji vya sukari kuwakabili watoto kila kona. Hao nao tunawaomba watimize wajibu wao.

Hata hivyo, umaskini sio maelezo ya kila kitu. Fedha ya soda moja kila siku, kwa mwezi, ni mafungu mengi ya matembele. Fedha ya kilo moja ya nyama hununua maharage ya siku kadhaa. Maharage yakilowekwa usiku kucha huiva upesi na kuokoa mkaa. Dagaa wakavu hawahitaji jokofu. Dona ina kile kiini na pumba ambavyo sembe imeviacha mashineni, ndivyo vyenye nyuzinyuzi na vitamini. Tahadhari moja tu: mahindi na karanga viwe vikavu na visivyo na ukungu, maana sumu ya kuvu si mzaha. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Tungependa pia tujikosoe sisi wenyewe, kwa kuwa hukumu inapaswa kuanzia nyumbani mwa padre. Tulipofika parokiani hapa, kila jumuiya iliyotualika ilituandalia nyama, na sisi tuliila yote na kusifu, na siku iliyofuata jumuiya nyingine ikajitahidi kuishinda ile ya kwanza. Familia zilikopa ili padre ale pilau. Hatukusema neno. Katika sherehe za kipaimara tumebariki meza zenye kreti za soda na vyakula vya kukaanga, bila tunda hata moja, na watoto wamejifunza kutoka kwetu kwamba hiyo ndiyo sura ya baraka. Hata Kwaresima tumeigeuza: tunashinda na njaa mchana, jioni tunakula kwa kulipiza kisasi. Kwa hayo tunaomba radhi.

Basi tunapendekeza mambo machache, nasi tutakuwa wa kwanza kuyafuata. Kuanzia sasa, padre akitembelea jumuiya, apewe kile ambacho familia imekula siku hiyo, na tutafurahi kikiwa ugali wa dona, maharage na mboga za majani. Katika sherehe zote za parokia, maji na matunda yawekwe mezani kwanza, soda ikija ije baadaye na kwa uchache. Chumvi isiwekwe mezani kabisa. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, yaani kijiko kimoja kidogo cha chai, na ndani ya hesabu hiyo imo ile iliyofichwa katika vidonge vya viungo, mkate na vitafunio. Tunawaomba akina mama wetu wa WAWATA, ambao wanajua kupika kisamvu cha nazi mtu akasahau nyama, watufundishe sote, na vijana wa kiume wakiwemo. Mwenye kiwanja, hata kama ni upana wa mkeka, apande matembele na mpapai mmoja.

Na kila robo mwaka tutamwomba mhudumu wa afya aje baada ya Misa kutupima presha, bure na bila kuulizana maswali. Wenye dawa zao wasiziache kwa sababu ya tafakari hii. Sahani nzuri na kidonge cha daktari ni ndugu, hawagombani.

Anayetaka maelekezo zaidi asitusikilize sisi tu. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1973, inafundisha kwamba mlo wa siku utoke katika makundi sita: nafaka, mizizi na ndizi; mikunde, karanga na mbegu; vyakula vya asili ya wanyama; mboga; matunda; na mafuta kidogo yanayofaa. Tuhesabu sahani zetu za jana. Je, tulipata makundi mangapi? Sisi wenyewe, juzi, tulipata matatu.

Wapendwa, hatuahidi kwamba mwenye kula vizuri hatakufa. Kila mmoja wetu atabebwa siku moja, na wala hatupendi dini inayogeuza afya kuwa mungu. Yupo mtakatifu aliyekula vibaya na mwovu aliyeishi miaka 100. Tunachosema ni kidogo kuliko hapo, lakini ni cha kweli: siku zetu ziko mikononi mwa Mungu, na kijiko kiko mikononi mwetu. Hatuwezi kumkabidhi Mungu kile alichotukabidhi sisi, kisha tukamlaumu, au tukamlaumu bibi jirani.

Alhamisi, mtoto wa mwisho wa marehemu, msichana wa darasa la tatu, alituuliza kaburini kama baba yake alifanyiwa nini na nani. Tulimwambia kwamba hakufanyiwa kitu na mtu yeyote, kwamba alikuwa mgonjwa na hakujua. Alitutazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza kama mama yake naye ni mgonjwa na hajui. Hatukuwa na jibu. Ndiyo maana tumeandika, na ndiyo maana Dominika ijayo mezani pale nje ya kanisa mtakuta kipimo cha presha na sinia la mapapai.

Tuwatakie juma jema na Dominika njema. Mungu awabariki, na aibariki meza ya kila nyumba.